Mashine ya EFD na droo ya pesa dukani: mnaziua wenyewe alafu mnamtafuta fundi

MdukaWaMajengo (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu, na shikamooni wakubwa zangu wote humu.

Mchana huu dukani hamna mtu, jua la Dodoma mnalijua, saa nane kila mwenye akili kajificha, nkaona bora niandike hii kitu maana imenikaa kooni. Wiki hii peke yake nimeitwa maduka matatu, "kaka njoo utuangalizie mashine imegoma". Mimi sio fundi jamani. Nauza vyakula na vitu vya nyumbani hapa karibu na soko la Majengo, ila kabla sijafungua changu nilikaa keshia duka la watu miaka sita, kwaiyo hizi mashine za kutolea risiti za kodi (EFD) nimelala nazo nimeamka nazo. Na maduka yote matatu niliyoitwa mashine ilikua nzima. Ilikua chafu tu.

Tuanze na vumbi maana ndo adui wa kwanza huku kwetu. Mtu wa Tanga au Dar haelewi nikisema vumbi. Kuanzia mwezi wa saba upepo ukianza, unafuta kaunta asubuhi, ikifika saa nne unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Sasa lile vumbi linaingia kwenye mdomo wa kutolea risiti, linakaa kwenye kile kibapa cha kuchapia (kile cheusi chembamba kinachogusa karatasi), risiti inaanza kutoka na mistari mieupe katikati, tarakimu zinakatika, mteja anaskani kile kimraba hakisomi. Mwenye duka anasema mashine imekufa. Haijakufa, ina kiu ya spiriti na pamba. Unazima, unachomoa chaja, unaacha dakika kumi ipoe, unalowesha pamba kidogo kwa spiriti, unapitisha taratibu kwenda upande mmoja, unaacha ikauke, basi. Usimwagie. Usitumie maji. Na nakuomba mbele za Mungu usitumie kisu wala wembe, nimekuta duka moja Kizota dogo amekwangua kile kibapa na ncha ya kisu cha kukatia sabuni eti kuna uchafu umeganda, pale ndo kweli anahitaji fundi na hela.

Usiku funika mashine. Hata kanga ya zamani inatosha, mimi natumia mfuko wa mchele wa kilo 25 nlioupasua. Na usiweke mashine mlangoni ili wateja waione, weka ndani kidogo, kaunta ya mlangoni inakula vumbi la kila bodaboda inayopita.

Karatasi sasa. Hizi roli hazitumii wino, karatasi yenyewe ndo ina dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto. Ndo maana ukiweka roli kichwa chini risiti inatoka nyeupe peee na wewe unaanza kuipiga mashine makofi. Kwaruza karatasi kwa ukucha, upande unaoacha alama nyeusi ndo upande wa kuchapia, uangalie kule kwenye kibapa. Ukiona mstari mwekundu umetokea pembeni, roli inaisha, badilisha hapohapo usisubiri ikatikie katikati ya risiti ya mtu. Na wakati wa kukata risiti kata kwa kuvutia upande wa meno, sio unavuta juu kama unang'oa jino.

Kuna kitu kilinitokea mwenyewe na bado kinaniuma. Sheria inakutaka utunze kumbukumbu zako miaka mitano. Mimi nikajiona mjanja, Z zangu zote (zile ripoti za kufunga siku) nazipanga vizuri kwenye bahasha za plastiki, naziweka kwenye shelfu juu ya dirisha. Siku nimekuja kuzihitaji, mwaka wa tatu huo, natoa bahasha nakuta vikaratasi vyeupe kama vimetoka dukani leo. Zingine zimekua kahawia zote. Jua la dirishani na ile plastiki vimekula maandishi yote. Kuanzia siku hiyo kila Ijumaa natoa fotokopi Z za wiki nzima, naziweka kwenye faili la karatasi, ndani ya kabati, kwenye kiza. Hela ya fotokopi ni ndogo kuliko jasho nililotoa siku ile nikijieleza.

Hapohapo kwenye Z, naona wengi bado wanachanganya X na Z. X ni kuchungulia tu, unaona umeuza kiasi gani mpaka saa hiyo na hesabu inaendelea. Z inafunga siku, inaandika kwenye memori ya mashine na kuanza upya. Z unatoa kila siku ukimaliza biashara, kila siku, sio "nitatoa zote Jumamosi". Mashine nyingi zikipita masaa 24 bila Z zinakataa kuuza mpaka uitoe, na zitakataa asubuhi foleni imejaa, hazikatai saa za usiku ukiwa na nafasi. Ila pia usitoe Z tatu nne kwa siku kwa sababu umebadilisha keshia, ile memori ina idadi yake ya Z, ikijaa imejaa. Zamu ikibadilika toa X, hesabu pesa, andika kwenye daftari, wote wawili wasaini.

Na umeme. Mashine ina betri ndani, umeme ukikatika inaendelea, ila watu wanaiacha kwenye chaja mwaka mzima bila kuitumia kwa betri hata siku moja alafu siku umeme umekata wanashangaa imezima ndani ya dakika tano. Mara mojamoja itumie kwa betri ishuke ndo uchaji. Na chaja iwe ileile iliyokuja nayo, hizi za kuokota mafungu pale barabarani zinafanana kichwa ila volti tofauti. Umeme ukirudi unarudi na nguvu, kwaiyo chomoa, subiri utulie, ndo uchomeke. Nyie wenye mafriji mnalijua hilo kwa friji, ila kwa mashine ya kodi mnasahau.

Sijagusa droo bado. Droo ni uzi mwingine kabisa ila ngoja niseme moja, ile droo sio kabati. Nimekuta ndani ya droo ya mtu kuna panadol, vocha, kitambulisho cha kupigia kura, nusu kipande cha muhogo. Alafu analalamika haifungi.

Karibuni mnaojua zaidi, na mwenye swali aulize.

---

Mama Sembe Nkuhungu

Asante kaka yangu. Kwenye vumbi umenigusa, mimi nasaga na kuuza unga, kwangu vumbi ni la nje na la ndani. Nifanyeje? Mashine yangu kila mwezi inachapa nusu.

MdukaWaMajengo

Dada yangu pole, unga ni mbaya kuliko vumbi maana ukipata unyevu wa mkono unaganda kama gundi. Mashine ikae chumba tofauti na kinu, hata kama ni kutoboa kidirisha. Safisha kila Jumapili usisubiri mwezi. Na anayeshika unga asibonyeze mashine, mwenye mashine awe mmoja na mikono yake iwe mikavu.

---

Keshia Mstaafu

Mkuu droo umeiruka na mimi ndo hapo nilipozeekea, kwaiyo niachie.

Vijana, pesa inapotea kwenye chenji kuliko kwenye wizi. Mteja akikupa noti ya elfu kumi usiitupe ndani ya droo kwanza. Iweke juu, kwenye klipu au hata chini ya kikokotoo, taja kwa sauti "nimepokea elfu kumi", toa chenji, mhesabie mkononi, akishaondoa mkono kaunta ndo noti yake inaingia. Kwa nini? Kwa sababu yupo yule anayesema "mbona nilikupa elfu kumi umenipa chenji ya elfu tano", noti ikiwa imeshachanganyika na wenzake huna cha kumjibu, unabaki unamtazama usoni na foleni nyuma inakuzomea. Kipindi cha bunge la bajeti mji ukijaa wageni, mwezi wa nne mpaka wa sita, hao wanakuja kwa zamu.

Asubuhi droo ianze na kiasi kilekile kila siku. Sisi tulikua tunaanza na elfu hamsini, yote chenji, sarafu za mia na mia mbili na mia tano, noti za elfu moja na elfu mbili. Imeandikwa. Jioni unatoa ile hamsini kwanza ndo unahesabu mauzo. Nimeona maduka mengi yanaanza na "chochote kilichobaki jana", hapo hutajua kamwe kama una shoti au una ziada.

Na ziada nayo ni tatizo, watu wanaifurahia. Ukiwa na ziada ya elfu nane maana yake kuna mteja umempunja au kuna kitu umeuza hukukipiga kwenye mashine.

Noti zikijaa, zile za elfu kumi zitoe zipeleke sehemu ya siri kila baada ya masaa machache, andika kikaratasi ubaki nacho. Droo isikae na laki tano eti mpaka jioni.

Lipa namba nayo mnaisahau. Muamala wa simu uandike pembeni na saa yake, maana Z itakwambia umeuza laki tatu na droo ina laki moja na nusu, dogo unamfukuza kazi kumbe nusu iko kwenye simu yako mwenyewe bosi.

---

Dogo wa Area C

Hiyo ya mwisho imenitokea mimi ndo dogo mwenyewe 😂😂 nilikatwa mshahara, baada ya wiki mbili bosi anaangalia simu ndo anakuta. Hela alirudisha, samahani hakusema.

---

Mhasibu Mtaani

Niongezee la kwangu maana mimi ndo naletewa makaratasi mwisho wa mwezi nikitokwa na jasho.

Kwenye mashine kuna herufi za kundi la kodi. A ni zile bidhaa za VAT ya asilimia 18. E ni misamaha. Sasa nina mteja wangu mmoja njia ya Kibaigwa, anauza mahindi na mtama, nafaka tupu ambazo hazijasindikwa, hizo zina msamaha. Pia anauza sukari na sabuni. Binti wa kaunta alionyeshwa kitufe kimoja siku ya kwanza akashika hichohicho, mahindi A, mtama A, kila kitu A. Miezi minne. Nimekaa kuhesabu VAT ya mahindi ambayo mteja hajawahi kuilipa kwenye bei, tajiri kaitoa mfukoni. Kwaiyo siku mnaletewa mashine hakikisheni wakala anapanga bidhaa zenu kwenye makundi sahihi, na mkae nae mpaka muelewe, msikimbilie kusaini karatasi yake ya kumaliza kazi. Kama hujasajiliwa VAT nalo mwambie mapema, mashine inapangwa tofauti.

La pili, kosa la sifuri. Elfu arobaini na tano inakua laki nne na nusu kwa kidole kimoja. Kabla hujafunga risiti unaweza kufuta ile bidhaa, ila risiti ikishatoka imetoka, imeshakwenda TRA (mamlaka ya mapato) kwa ile laini ya simu iliyomo ndani, hamna kuikimbiza. Usiichane! Ichukue kwa mteja, mpe iliyo sahihi, ile ya kosa iandike nyuma kilichotokea, itunze, na uwaandikie ofisi ya kodi barua mapema ukiambatanisha zote mbili. Ukikaa kimya mpaka wakuulize wao, maelezo yako yanakua yamechelewa na wewe ndo unaonekana una kitu.

Tatu na hili naomba nisieleweke vibaya, risiti pungufu. Mteja kanunua ya laki mbili unampa ya elfu ishirini. Msinitumie meseji inbox kuniuliza "namna". Hamna namna.

---

VumbiLaChangombe

Sasa mhasibu hapo mwisho umeongea kama wao. Mkuu ukweli ni kwamba hii mashine tulibebeshwa. Ilianza 2010 kwa wale wakubwa wa VAT, 2013 ikashushwa kwetu wadogo, maduka yakafungwa kwa migomo mikoa kibao, unanunua kwa hela yako alafu inakuchunga wewe mwenyewe. Leo mnatufundisha kuifuta na spiriti kama mtoto mchanga.

MdukaWaMajengo

Mkuu sikubishii, na mimi nilifunga duka kipindi kile. Ila jiulize, hiyo kodi ukiitoa pembeni, mashine inakusaidia nini wewe? Mimi nilijua dukani kwangu sukari inatoka kuliko mafuta ya kula kwa sababu ya Z na ripoti ya bidhaa. Kabla ya hapo nilikua naagiza mafuta kwa hisia. Na shemeji yangu aliyekua ananisaidia dukani, haya tuyaache.

VumbiLaChangombe

Hahaha hapo kwa shemeji ungemalizia.

---

Mzee wa Kikuyu

Ya shemeji ndo chanzo chenyewe cha hii mashine, msicheke. Mmarekani mmoja anaitwa James Ritty alikua na baa mji wa Dayton, Ohio. Baa inajaa kila siku, faida haioni, wahudumu wanaweka za kwao mfukoni. Akiwa safarini kwenye meli akaona kidude kinahesabu mizunguko ya pangaboi la chini linalosukuma meli, akasema kama kinaweza kuhesabu mizunguko basi kinaweza kuhesabu na hela zangu. Yeye na ndugu yake John wakatengeneza, mwaka 1879 wakapata hati ya uvumbuzi. Baadae akaiuza, na 1884 John Patterson akaichukua kampuni akaiita National Cash Register. Zile za zamani droo ikifunguka kengele inalia, mwenye baa akiwa chumba cha nyuma anasikia. Serikali ilikuja kuidandia baadae sana, wa kwanza kuihitaji alikua mwenye duka.

Mimi duka la marehemu baba hapa Uhindini lilikua na mashine ya chuma ya kuzungusha mkono. Kengele yake tuliisikia mpaka nyumbani, mama akisikia imelia mara nyingi anajua leo jioni kuna nyama.

Dogo wa Area C

Shikamoo mzee. Hii ya nyama nimeipenda.

---

Fundi Printa

Nimechelewa, nilikua Mpwapwa. Mleta uzi umesema vizuri ila rekebisha kidogo, usiwafundishe watu kufungua mashine. Kusafisha mdomo wa karatasi sawa. Ila ile sili, yaani alama ya kuonyesha mashine haijafunguliwa, usiiguse hata kama umesikia mende anatembea ndani. Sili ikikatika huna hadithi ya kuwaambia. Ita wakala aliyekuuzia, hao ndo wameruhusiwa.

Na mashine ikigoma kabisa usiendelee kuuza kimyakimya. Toa taarifa siku hiyohiyo, kwa wakala na kwa ofisi ya kodi, kwa maandishi, baki na nakala, saa iandikwe. Wakati unasubiri andika kila mauzo kwenye kitabu cha risiti za mkono, mashine ikipona unayaingiza. Nimeona watu wamepigwa faini mashine ilikua mbovu kweli, ila hawana karatasi hata moja ya kuonyesha walisema.

Kingine, mtandao. Mkiona mashine inauza ila haitumi, angalieni kama ile laini ina salio la data au kifurushi kimeisha kabla ya kuniita kutoka Mpwapwa. Mtandao ukikatika inahifadhi yenyewe na kutuma ukirudi, ila ikikaa siku kadhaa haijatuma usiseme itajitengeneza.

Na mende ni kweli. Msiweke mashine juu ya boksi la biskuti. Pale ndani pana joto la kiasi, mende anapapenda kuliko jikoni.

Mama Sembe Nkuhungu

Fundi umesema mende nimeenda kuangalia. Mungu wangu. Sio ndani, chini yake, familia nzima na mayai. Nimefuta, nimehamisha kaunta upande wa ofisi, nimepitisha spiriti kwenye kibapa kama kaka alivyosema. Risiti imetoka nyeusi tii, kile kimraba kimesoma hapohapo kwa simu ya mwanangu. Ila sasa droo haifunguki yenyewe nikibonyeza, inatoa sauti tu tk tk.

Fundi Printa

Ulipohamisha kaunta umeangalia ule waya mwembamba unaotoka kwenye droo kama wa simu ya mezani ya zamani? Chomoa, chomeka tena mpaka ulie "tk" moja. Kama bado, toa ile trei ya sarafu, angalia nyuma kama kuna shilingi mia imenasa kwenye reli.

Mama Sembe Nkuhungu

Mia mbili mbili, na risiti ya gesi ya mwaka juzi 🙈 Imefunguka. Asante mwanangu.